Akiba Hukaa Wapi Maji Yanapoingia Nyumbani

Hapana mwenyeji wa Ziwa la Ng'ombe anayehitaji kuelezwa nguvu za maji ya mvua. Mtaa huo uko bara ya kaskazini ya Mombasa, ng'ambo ya Daraja la Nyali, jirani na Kongowea na Bombolulu. Tangu mwaka 2013 ni wadi katika Jimbo la Nyali, walakini wazee wengi wangali wakisema wako Kisauni, kwa kuwa jimbo hilo jipya lilikatwa kutoka katika Kisauni ya zamani. Jina la mtaa lenyewe ni la maji na mifugo. Ng'ombe siku hizi ni wachache na nyumba zimebanana, lakini maji hayajasahau mahali pake pa kutuama.

Mvua za mwaka huanza Machi au Aprili na kuzidi mwezi wa Mei, ambao ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote mjini Mombasa. Mvua za vuli hufuata kuanzia Oktoba hadi Desemba, nazo kwa kawaida ni haba. Lakini iko miaka ambayo vuli hugeuka kuwa gharika. Mwaka 1961 ulikuwa mmojawapo. Mwaka 1997, wakati wa El Niño, ulikuwa mwingine, na baadaye ikaja miaka ya 2006, 2019 na 2023. Wataalamu wa hali ya hewa wameeleza kwamba katika miaka ya namna hiyo maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika hupata joto kupita kawaida, na yale ya upande wa Indonesia hupoa, hata mvuke mwingi ukasukumwa kuja pwani hii. Basi jambo lenyewe si geni wala si la bahati nasibu tu. Ni mgeni ambaye siku yake haijulikani, lakini miezi yake inajulikana.

Husemwa mara nyingi kwamba msiba humfundisha mtu kuweka akiba. Katika neno hilo mna ukweli, lakini ni ukweli wa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayozirudisha nyuma nyumba nyingi. Gharika haichukui akiba peke yake. Humfundisha mwenye nyumba pia mahali pa kuiweka akiba ijayo, na mara nyingi humfundisha vibaya.

Na ifikiriwe nyumba ya kawaida ya mtaa huo. Baba ni kibarua wa bandarini, mama hukaanga viazi karai na bajia kando ya njia, na watoto wanne wako shuleni. Mvua kubwa ikinyesha usiku na maji yakapita mlangoni, hasara ya kwanza huonekana ndogo. Godoro limelowa, unga na mkaa vimeharibika, vitabu na sare za shule vimejaa tope. Siku ya pili choo cha shimo kimefurika, na maji ya kunywa hayana budi kununuliwa kwa mtungi kutoka mbali. Siku ya tatu mtoto anaharisha, nayo dawa yataka fedha taslimu. Katika siku zote hizo tatu mama hakuwasha moto, maana hapana mteja avukaye dimbwi kutafuta viazi karai, na baba hakufika langoni mapema hata akaandikwa kazi. Kwa hiyo matumizi yamepanda katika juma lile lile ambalo mapato yameshuka. Ugonjwa wa kawaida au arusi ya ndugu haifanyi hivyo. Hizo huongeza matumizi tu, lakini kazi huendelea.

Kitu kinachofuata ni deni. Kwanza hufunguliwa ukurasa katika daftari la mwenye duka, ambaye naye stoo yake imelowa na moyo wake si mkunjufu. Kisha hushikwa simu. Tangu M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, na Fuliza mwaka 2019, mtu aweza kupata mkopo mdogo usiku wa manane bila kumwamsha jirani, nalo ni jambo la msaada mkubwa kwa mwenye mtoto mgonjwa. Lakini mkopo huo hulipwa, tena kwa nyongeza, nao hulipwa katika miezi ile ambayo ingekuwa miezi ya kuweka akiba. Mvua ya Novemba hulipwa Desemba na Januari, na Januari ina mambo yake. Ndipo hutokea jambo la ajabu, ambalo si la Ziwa la Ng'ombe peke yake: miezi ambayo nyumba inaogopa mvua kwa moyo wote ndiyo miezi isiyobaki hata senti ya kuweka, na wakati senti zinapoanza kubaki, jua limekwisha kukausha kuta na woga umekwisha kupoa. Woga na uwezo havikutani.

Huko Marekani, ambako watu wana mishahara mikubwa na bima ya mafuriko huuzwa kwa karatasi, mambo hayaachani sana na hayo. Mwanauchumi Justin Gallagher alichunguza rekodi za bima hiyo, na uchunguzi wake ulichapishwa mwaka 2014. Aliona kwamba baada ya mafuriko watu hukimbilia kununua bima mwaka unaofuata, kisha hupungua mwaka kwa mwaka, hata ikifika kama miaka 9 wamerudi walikokuwa kabla ya maji kuja. Mto haukuhama katika miaka hiyo, wala ardhi haikuinuka. Kilichobadilika ni kumbukumbu tu. Ikiwa mwenye nyumba ya matofali na hati ya shamba husahau kwa miaka 9, ni vigumu kumlaumu mpangaji wa chumba kimoja akisahau kwa miezi 9.

Lakini wako wasiosahau, na hao ndio wanaofaa kuangaliwa zaidi, maana njia walizochagua zina mafunzo.

Wa kwanza ni yule awekaye fedha ndani ya nyumba. Amekwisha kuona kwamba siku ya maji anahitaji fedha saa ile ile, si kesho kutwa wakati barabara imekauka na wakala amefungua kibanda. Kwa hiyo huzitia katika bweta, au katika kibubu, au chini ya godoro. Sababu yake ni njema kabisa. Wachunguzi wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walifanya jaribio katika sehemu za magharibi ya Kenya, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2013. Baadhi ya watu walipewa sanduku rahisi la kufuli na ufunguo wao wenyewe, wengine wakapewa sanduku la namna ile ile ambalo ufunguo wake uliwekwa na mtu mwingine hata fedha zitimie kwa ajili ya kitu fulani cha afya. Wale wenye ufunguo wao waliongeza sana fedha walizotumia kwa kinga ya afya, kiasi cha theluthi mbili zaidi ya wasiokuwa na sanduku. Wale waliofungiwa hawakupata faida kubwa katika jambo hilo. Mtu mwenye maisha ya hatari hapendi kutia fedha mahali ambapo hataweza kuzitoa siku ya dhiki, na hapo hakosei.

Hata hivyo bweta la nyumbani lina adui watatu: maji, mwizi, na Serikali inapobadilisha noti. Jambo hili la mwisho halikuwa likifikiriwa sana hata mwaka 2019. Tarehe 1 Juni mwaka huo ilitangazwa kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 hazitapokewa tena baada ya tarehe 30 Septemba. Siku ilipopita, noti zaidi ya milioni 7 zilikuwa hazijarudishwa Benki Kuu. Hapana shaka nyingi katika hizo zilikuwa za watu wenye sababu zao za kutotaka kuulizwa maswali. Lakini hata noti ya bibi kizee aliyeifunga katika pembe ya kanga na kuiweka sandukuni kwa ajili ya siku ya mvua, ikiwa haikubadilishwa kwa wakati, ilikuwa karatasi tu siku mvua ilipokuja.

Wa pili ni yule asiyetaka fedha kabisa. Huyu hununua vitu. Mwenye biashara Kongowea huweka akiba yake katika magunia ya vitunguu na viazi; fundi wa nguo huiweka katika cherehani ya pili; mama wa nyumbani katika vyombo, kabati na friji. Vitu havibadilishwi kwa tangazo, wala ndugu hawezi kuja jioni kuviazima vyote. Lakini sakafuni vitu huoza haraka kuliko noti, na katika nyumba za mabondeni mtu aliyepoteza kabati mara mbili hafikirii tena kununua la tatu. Ataketi juu ya mkeka, na fedha ambayo ingekuwa kabati italiwa kidogo kidogo. Mgeni akipita na kuona chumba kitupu husema kwamba watu wa mtaa hawana maendeleo. Hajui kwamba utupu huo ni hesabu iliyofanywa na mtu mwenye akili, ingawa hesabu yenyewe ni ya kusikitisha.

Katika fungu hili la vitu kiko kimoja kisichohesabiwa kuwa akiba, nacho chastahili kuhesabiwa mbele ya vyote: kizingiti. Mfuko mmoja au miwili ya saruji, mawe na mchanga, na siku moja ya fundi, huweza kuinua kizingiti cha mlango hata maji ya mvua ya kawaida yapite nje. Matofali manne chini ya miguu ya kitanda hugharimu kidogo zaidi ya bure. Rafu iliyopigwa juu ukutani kwa ajili ya unga, vitabu na vyeti vya kuzaliwa hugharimu ubao na misumari. Shilingi iliyotiwa hapo haionekani tena, haitolewi, wala haizai. Lakini huzuia shilingi nyingine nyingi zisitoke. Kinachowazuia wengi ni kwamba nyumba si yao, au nyumba ni yao lakini kiwanja si chao. Katika bara ya Mombasa iko desturi ya siku nyingi ya mtu kumiliki nyumba juu ya ardhi ya mwingine na kulipa kodi ya kiwanja. Mtu wa namna hiyo huogopa kutia saruji mahali ambapo aweza kuambiwa aondoke. Mpangaji naye husema kizingiti ni kazi ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba hukaa mahali pengine palipo juu. Wapo wapangaji waliokubaliana na mwenye nyumba kwamba gharama ya saruji ikatwe katika kodi ya miezi miwili au mitatu, na makubaliano hayo yakiandikwa na kushuhudiwa huwa na faida pande zote mbili.

Wa tatu, na ndiye mwenye jambo kubwa, ni yule awekaye akiba kwa jirani zake, yaani katika mchezo au chama. Hapana mtaa katika Mombasa usiokuwa na michezo ya namna hii, na hasa wanawake ndio wanaoiendesha kwa uaminifu ambao mabenki yangeutamani. Hesabu yake ni nyepesi. Wakiwa watu 12, na kila mmoja akitoa shilingi 500 kwa juma, kila juma mmoja hupokea shilingi 6,000, na baada ya majuma 12 kila mtu amepata zamu yake. Fedha hazilali ndani ya nyumba ya mtu zikangoja mwizi au mume. Aibu ya kukosa kulipa mbele ya wenzako ni kufuli nzuri kuliko ya chuma. Tena mmoja akifiwa au akiugua, wenzake humpisha zamu, au humchangia kutoka mfuko wa kando. Kwa misiba ya namna hiyo hapana chombo kilicho bora kuliko hiki.

Lakini ugonjwa huchagua nyumba moja, na maji huchagua mtaa mzima. Mvua ikiingia usiku mmoja katika nyumba nane miongoni mwa zile 12, mchezo hupatwa na jambo ambalo haukutengenezwa kulibeba. Wanane wanahitaji kupokea, na hao hao wanane hawana cha kutoa. Aliye na zamu juma hilo hupata shilingi 2,000 badala ya 6,000 na kuona amedhulumiwa. Aliyekwisha kupokea mwezi uliopita hukaa kimya, naye kunyamaza kwake huonekana kuwa hila. Yule ambaye zamu yake ingali mbali huanza kujiuliza kama itafika. Hapo michezo mingi iliyodumu miaka huvunjika, si kwa wizi, bali kwa sababu jirani wote walilala katika maji yale yale. Na mchezo ukivunjika, uaminifu uliovunjika nao hauponi upesi kama godoro linavyonunuliwa jingine.

Mkulima asomaye habari hizi asidhani kwamba ni mambo ya mjini tu. Nyumba nyingi za Ziwa la Ng'ombe zina mguu mmoja Kilifi au Kwale, na akiba ya kweli ya ukoo iko huko: mbuzi, ng'ombe, minazi michache, shamba la mahindi. Watu hufikiri, na si vibaya, kwamba maji yakiharibu mjini mbuzi watakuwa salama shambani. Lakini tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwanzo wa mwaka 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika nchi kame za Kenya, na Kilifi, Kwale na Tana River zilikuwa miongoni mwa zilizoumia. Nchi nzima ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Kabla ya kufa walikonda, na walipokonda kila mtu alitaka kuuza siku moja na jirani yake, kwa hiyo bei ikaanguka sokoni. Ni mchezo ule ule wa watu 12 kwa sura nyingine: akiba ya kila mtu ilikuwa ya aina moja, mahali pamoja. Kisha, kabla mwaka wa 2023 haujaisha, ikaja vuli ile ya Novemba na maji yakaingia Mombasa. Nyumba iliyokuwa na mguu mjini na mguu shambani ilipigwa miguu yote miwili katika mwaka mmoja. Mwaka 1961 ulikuwa vivyo hivyo, ukame na njaa kwanza, mafuriko nyuma yake. Ni kwa hatari ya namna hiyo kwamba mwaka 2010 ilianzishwa Marsabit bima ya mifugo inayotazama majani ya nchi kwa vyombo vya angani, na kulipa malisho yanapokauka bila kungoja kuhesabu mizoga.

Hasara ya kuweka mali yote katika mti mmoja pwani hii ilikwisha kuijua zamani. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, katika siku za Seyyid Barghash, na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa hicho. Mkarafuu si mhindi wa kupandwa leo na kuvunwa baada ya miezi minne. Hutaka miaka kadhaa kabla ya kutoa mavuno ya kwanza, na mingi zaidi kabla ya kukomaa. Mwenye shamba la Unguja aliyeamka na kukuta miti yake imelala alikuwa amepoteza akiba ya baba yake na ya wanawe pamoja. Pemba haikupigwa kama Unguja. Mwenye mikarafuu Pemba aliuza kwa bei iliyopanda, na tangu hapo Pemba ikaipita Unguja kwa karafuu. Ilikuwa bahari moja na karafuu ile ile. Tofauti ilikuwa maili chache za maji.

Maili chache hizo ndizo zinazotafutwa na nyumba ya mabondeni, na katika miaka ya karibuni simu imezileta karibu. M-Pesa ilianza mwezi wa Machi 2007. Wanauchumi William Jack na Tavneet Suri walifuata nyumba nyingi za Kenya, na mwaka 2014 walitoa habari kwamba zilipopatwa na balaa, kama ugonjwa, kupoteza kazi au mavuno kuharibika, nyumba zisizotumia M-Pesa zilipunguza matumizi yao kwa asilimia 7, na zile zenye kuitumia hazikupunguza kwa kiasi cha kuonekana. Sababu haikuwa kwamba hizo za pili zilikuwa na fedha nyingi zilizolala katika simu. Sababu ilikuwa kwamba waliletewa fedha na watu wengi zaidi, tena kutoka mbali, ambako balaa hilo halikufika. Ndugu wa Nakuru au Voi halali katika maji ya Ziwa la Ng'ombe.

Walakini fedha za ndugu nazo zina kanuni yake, na ni ya zamani kuliko simu. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi lilipiga kandokando ya Ziwa Kivu, upande wa Rwanda na wa Kongo. Rwanda wakati huo haikuwa bado na huduma ya kutumiana fedha kwa simu, lakini watu waliweza kutumiana muda wa maongezi. Wachunguzi waliozipitia rekodi za simu waliona kwamba mara baada ya tetemeko watu wa mbali waliwatumia waliopatwa. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini kilikwenda saa ile ile. Tena waliona kwamba waliopokea zaidi ni wale waliokwisha kuwapa wengine siku za nyuma, na wenye uwezo walipokea kuliko mafukara. Jambo hilo la pili ni chungu. Linaonyesha kwamba udugu nao ni kitabu cha akiba, na asiyekuwa na kitu cha kutia siku za jua hupata kidogo cha kutoa siku za mvua. Shilingi 200 zinazotumwa kwa shangazi aliyeko Taita wakati wa msiba wake zaweza kuonekana upotevu machoni mwa kijana mwenye kuhesabu. Huenda ndizo fedha pekee alizoweka mahali pakavu.

Liko pia jambo la kalenda, ambalo watu hulitaja kwa mzaha ingawa si la mzaha. Mwaka 2024 Idi ya mfungo ilikuwa tarehe 10 Aprili. Shule zilikuwa zifunguliwe kwa muhula wa pili tarehe 29 Aprili. Katikati yake mvua za mwaka zilikuja kwa ukali ambao nchi nzima iliusikia, hata shule zikacheleweshwa kufunguliwa mpaka tarehe 13 Mei. Nguo za Idi, karo na mvua vilikaa katika majuma matano, na bweta lolote lingetikisika. Mwezi wa Waislamu hurudi nyuma kwa kadiri ya siku 11 kila mwaka, kwa hiyo Idi inaendelea kujitenga na mvua hizo. Karo na mvua havitatengana. Mtu anayejua hivyo mwezi wa Januari ana wiki kumi au zaidi kabla ya maji.

Ni katika kalenda hiyo kwamba mchezo waweza kurekebishwa bila kuongezewa hata senti moja. Kwa desturi zamu hupangwa kwa kura, au kwa umri, au kwa urafiki na mshika fedha. Hakuna kinachokataza zipangwe kwa kuangalia ardhi. Wale walio katika nyumba za mabondeni, ambazo kila mtu mtaani anazijua, wapewe zamu za Februari na Machi, wapate kuinua vizingiti, kupiga rafu, au kuweka kitu katika simu au posta kabla ya mvua. Benki ya Akiba ya Posta, iliyoanzishwa mwaka 1910, haijapata kuhitaji mtu awe tajiri ndipo afungue kitabu. Walio juu wapokee Juni na Julai. Kwa njia hiyo wenye kutoa wakati wa mvua ni wengi zaidi kati ya wale ambao maji hayakuwafikia. Tena mchezo ukiwa na wanachama wawili au watatu wanaokaa nje ya mtaa, kama vile Likoni au Mikindani, utakuwa na watu wa kutoa hata usiku ule mbaya.

Mpango huo una kipingamizi kimoja cha haki, na wanawake wenye uzoefu wa michezo hukisema kabla ya kuulizwa: aliyepokea mapema aweza kuacha kutoa. Basi apokeaye Februari awe na mdhamini katika wale wapokeao Juni, jina lake liandikwe katika daftari mbele ya wote, na sehemu ya zamu yake, tuseme shilingi 1,000 katika zile 6,000, ibaki katika mfuko wa kando mpaka duru imalizike. Mfuko huo usiwe na ufunguo mmoja mikononi mwa mtu mmoja, wala usifungwe hata usiweze kufunguliwa usiku. Watu watatu wakae na nambari ya siri kwa vipande, au fedha ziwe katika simu ya mmoja na siri kwa mwingine, na wote wawe ni watu ambao nyumba zao hazilowi. Mahali pa kufanyia kikao hicho panafaa pawe barazani kwa mmoja wa walioko juu, nao wakutane kabla ya Machi kuingia, wakati bado kuna vumbi njiani.